Dirisha la Linux Mezani kwa Shangazi

Shangazi yangu alifundisha shule za msingi mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo alikuwa akiokota maneno ya Kiha. Akisikia mzazi anamgombeza mtoto kwa neno asilolijua, anachomoa kalamu. Akikuta wanawake wanakamua mawese na mmoja wao akataja chombo kwa jina lake la zamani, anavuta kigoda na kuuliza maswali mpaka wanasahau kazi. Alipostaafu na kurudi Ujiji alikuwa na madaftari kumi na tisa yaliyojaladiwa kwa magazeti, ameyapanga kwenye kabati la vyombo, pembeni ya sahani za wageni.

Mwanawe anayefanya kazi Mwanza alimtumia laptopu ya Windows, na shangazi akaanza kuchapa maneno yake. Alichapa kwa vidole viwili, kila siku baada ya chai, kwa zaidi ya miaka miwili. Mimi nilipohamishiwa Kigoma, katika ofisi inayoshughulika na takwimu za maji ya ziwa, alikuwa amefika daftari la kumi na saba. Jumamosi yangu ya kwanza nilikwenda kumwamkia. Sikuwa hata nimemaliza shikamoo, akanivuta mkono mpaka mezani.

"Hebu soma hapa," akasema.

Nikasoma. Neno lilikuwa *inda*, ila mwishoni, mahali pa a yenye kialama cha sauti, palikuwa na A kubwa yenye kiwimbi kichwani, ikifuatwa na alama ya mshangao iliyosimama miguu juu.

"Sasa hiyo ni inda gani?" akaniuliza. "Kiha hakina huruma, mwanangu. Ukipandisha sauti huku ni tumbo, ukiipandisha kule ni chawa. Nimekaa hapa miaka miwili natenganisha tumbo na chawa, na mashine imevuruga vyote. Mtu akienda hospitali na kamusi yangu, atasema chawa wake anamuuma tangu juzi!"

Alicheka mwenyewe, lakini niliona macho yake hayacheki. Faili lilikuwa limetoka kwenye laptopu, likaenda stesheneri kuchapishwa, likarudi kwa flashi, na katika kuzungukazunguka huko kila alama ya sauti ikageuka kituko. Tena si zote. Kurasa alizochapa baada ya hapo zilikuwa safi. Kwa hiyo safi na vituko vilikuwa vimechanganyika, maneno maelfu, na shangazi alikuwa ameanza kurekebisha moja moja kwa kidole.

"Acha," nikamwambia. "Usiguse tena. Hii naiweza."

Nilisema hivyo kwa sababu chuoni nilikuwa nimelelewa na mashine za Unix. Mwalimu wetu alikataa kupokea kazi iliyoandikwa kwa kitu kingine chochote ila Emacs. Ni kihariri cha maandishi, yaani programu ya kuandikia, isiyojali urembo wa ukurasa lakini inayoweza kutafuta kitu katika faili zima na kukibadilisha kwa masharti yoyote unayoyataka. Wiki ya kwanza niliichukia mpaka nikashikwa na homa. Mwaka wa tatu nilikuwa naipenda kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Nilijua ipo Emacs iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows yenyewe, lakini nilikuwa na vijiprogramu vyangu vya chuoni vya kupanga na kulinganisha orodha, na vyote vilitaka Unix. Nilitaka viishi nyumba moja.

Njia rahisi ilikuwa kufuta Windows na kuweka Linux, ndugu wa Unix anayepatikana bure. Nikampigia simu binamu yangu wa Mwanza.

"Fanyeni mnavyotaka," akasema, "ila Windows msiifute. Picha za wajukuu zimo humo, na mama anajua pa kubonyeza. Ukimhamishia vitu nitapigiwa simu mimi."

Basi nikaamua kuweka Linux ndani ya Windows, kitu ambacho siku hizi kinawezekana. Nilitumia bando la simu yangu, pale pale sebuleni, mtandao ukipanda na kushuka kadiri mvua ilivyotaka. Shangazi alikuwa ameweka migebuka jikoni kwenye mawese, na mimi nilikuwa nakimbia huku na kule, nageuza samaki, narudi kuangalia asilimia. Mchana ule Linux ikawaka. Kikatokea kiboksi cheusi chenye maandishi madogo meupe.

Shangazi akavaa miwani, akakitazama. "Ndiyo hii uliyokuwa unaisifia? Nyeusi hivi?"

"Hii ni jiko tu, shangazi. Chakula bado."

Emacs inaweza kufanya kazi ndani ya kiboksi cheusi, lakini humo alama za sauti zilitokea kama vijisanduku vitupu, na macho ya shangazi yalihitaji herufi kubwa, menyu ya kubonyeza na kipanya. Nilitaka Emacs yenye dirisha lake kamili. Shida ni kwamba Linux ile, ikiwa ndani ya Windows, haikuwa na njia ya kuchora dirisha kwenye kioo. Ilihitaji programu ya pili upande wa Windows, ya kukaa inasubiri, ipokee michoro kutoka Linux na kuiweka kiooni. Nikaishusha, nikaiwasha, kialama chake cha X kikakaa kwenye kona ya chini. Nikarudi kwenye kiboksi cheusi, nikaandika *emacs*, nikabonyeza.

Haikufunguka. Yakatokea maneno ya kwamba haiwezi kufungua kioo.

"Inasemaje?" shangazi akauliza.

"Inasema haioni kioo."

"Kioo si hiki hapa?" Akakigonga kwa kucha.

Hivyo ndivyo tulivyomaliza Jumamosi ya kwanza. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Nilibadilisha anwani ambayo Linux huitumia kutafuta kioo. Nikaizima yote, nikaiwasha yote. Nikampigia rafiki niliyesoma naye, yuko Dar es Salaam, mtu wa kompyuta kuliko mimi.

"Umeseti anwani?"

"Nimeseti."

"Umeizima na kuiwasha?"

"Mara sita."

"Basi tumia Vim," akasema, na kucheka. Chuoni yeye alikuwa wa kihariri kile kingine, na miaka yote hiyo hajaacha kunihubiria. Ili tu aninyamazie, nikaiweka na Vim pia, ile yenye dirisha. Nayo ikakataa kwa maneno yale yale. Nilifurahi kidogo, sikufichi.

Jumamosi ya tatu nilifika nimejaa hasira. Sikunywa hata chai. Nilikaa mezani, nikaanza kusoma kila mpangilio wa kompyuta ile kama mtu anayetafuta sindano, huku nikizungumza peke yangu. "Programu inasubiri. Anwani ni sahihi. Linux inabisha hodi. Kwa nini haifunguliwi? Ni kama kuna mtu kaizuia mlangoni."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi anachambua mchele. Mkono ukasimama kwenye ungo.

"Kuna kitu kiliniuliza," akasema taratibu.

"Kitu gani?"

"Siku ile ya kwanza. Ulikuwa jikoni unageuza migebuka. Kikatokea kiboksi katikati ya kioo, kikauliza."

"Kikauliza nini, shangazi?"

"Kiingereza kirefu. Kuhusu kuruhusu kitu kipite kwenye mtandao. Nikajua hawa ni wezi. Nikakataa."

Nikageuka na kiti. "Ulikataa?"

"Nilikataa. Binamu yako si alisema kompyuta ikiniuliza nisichokielewa nikatae?" Akanyoosha mgongo, na kwa sekunde moja nilimwona jinsi alivyojivunia siku ile: peke yake sebuleni, ameokoa nyumba. "Sikukwambia kwa sababu hakukuwa na madhara. Niliwafukuza wakaenda."

Aliowafukuza walikuwa ni Linux. Windows ina mlinzi wake anayeamua programu gani iongee na nani, na mlinzi huyo alikuwa ameuliza kwa adabu kama programu ya kupokea madirisha iruhusiwe kupokea. Shangazi akasema hapana, na mlinzi akaandika katazo, akalishika kwa wiki mbili bila kuyumba.

Nilianza kucheka. Nikafungua orodha ya makatazo ya mlinzi. Katazo lake lilikuwepo, mstari mmoja, na alama nyekundu ya kukataza. Nikalifuta. Nikaruhusu. Nikarudi kwenye kiboksi cheusi, nikaandika *emacs*.

Kioo kikatulia kidogo. Halafu likaja dirisha jeupe, pana, lenye menyu juu na vitufe vyake, likasimama mbele ya picha ya mjukuu akila keki, katikati ya Windows, kana kwamba limekuwepo siku zote.

Sijui nani alianza kuruka. Najua nilimkumbatia shangazi na ungo ukiwa katikati yetu, na mchele ukamwagika. Shangazi akarudi nyuma hatua mbili, akatia mkono kinywani, akapiga vigelegele vile vya harusini, virefu, vya watu waliofundisha darasa la watoto themanini bila kipaza sauti.

Jirani akaingia mbio, mikono imejaa unga. "Nani kaolewa?"

"Hakuna aliyeolewa," shangazi akasema, akihema. "Dirisha limefunguka!"

Jirani akatazama dirisha la sebule. Lilikuwa wazi, kama linavyokuwa wazi kila siku ya Mungu. Akamtazama shangazi, akanitazama mimi nikiwa sakafuni nazoa mchele na machozi ya kicheko yananitoka. "Haya," akasema, "hongereni," akarudi kwenye unga wake.

Mchana ule ule nikafungua faili la maneno ndani ya Emacs. Kwanza nikaongeza ukubwa wa herufi mpaka shangazi akasema basi. Halafu nikamwonyesha: hapa naiambia itafute A yenye kiwimbi ikifuatwa na mshangao wa miguu juu, na popote itakapoikuta iweke a yenye alama yake. Maneno yaliyo safi isiyaguse. Nikamwachia yeye abonyeze kitufe cha mwisho.

Akabonyeza kwa kidole kimoja, akiwa amefumba jicho moja.

Vituko vikatoweka kwenye kioo. Akashuka ukurasa, vimetoweka. Akashuka tena. Akawa anashuka kwa haraka, midomo inasoma, mpaka akafika herufi I. Akasimama. Akasoma kwa sauti, "*Inda*, tumbo." Akashuka mistari miwili. "*Inda*, chawa." Safari hii sauti ilikwenda kwingine, na mimi ambaye Kiha changu ni cha kuombea maji niliisikia tofauti yake kwa mara ya kwanza.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Tukawa tunarudia wote wawili, tumbo, chawa, tumbo, chawa, mimi nikikosea na yeye akinisahihisha kwa kunigonga bega, mpaka jirani akapaza sauti kutoka uani kwake kuuliza ni nani mwenye chawa.

Tulirudia kwa e, kwa i, kwa o, kwa u, kila moja na kituko chake. Kabla jua halijafika upande wa ziwa, kazi aliyokuwa ameikadiria mwaka mzima ilikuwa imekwisha. Shangazi akala chakula kingi siku ile.

Nilidhani atakuwa ananisubiri mimi kila Jumamosi. Thubutu. Alichukua daftari jipya, la ishirini, akaandika juu yake "Emacs" na kuanza kunihoji kama alivyowahoji wale wanawake wa mawese. Kufungua ni vitufe gani? Kuhifadhi? Ukikosea, kurudi nyuma? Aliandika kila jibu kwa mwandiko wa ubaoni. Emacs hutaka ushike vitufe viwili au vitatu kwa pamoja, na vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, kwa hiyo kitufe cha Control alikishika kwa kidole gumba cha kushoto na kukiita "mshikilie huyu". Jirani alimsikia siku moja akijisomesha: "Mshikilie huyu, gonga x, mshikilie huyu, gonga s," akadhani ni dua.

Wiki iliyofuata, Jumatano, simu ikalia ofisini. Ni shangazi, ananong'ona.

"Nimefungwa."

Nikasimama. "Umefungwa wapi? Kituo gani?"

"Humu ndani ya kompyuta. Nimebonyeza kile kingine, cha rafiki yako. Nikiandika hakiandiki. Nikiacha kuandika, kinaandika. Kimefuta mistari, kinanililia, na hakinitoi."

Alikuwa ameingia Vim. Vim ukiifungua haiko tayari kuandika. Kila herufi kwake ni amri, na mgeni humaliza dakika nzima akiamuru mambo asiyoyajua.

"Shangazi, usiogope. Bonyeza Escape, kule kona ya juu kushoto."

"Nimebonyeza."

"Sasa weka nukta pacha."

"Nimeweka."

"Herufi q. Halafu alama ya mshangao."

"Kwa nini nishangae?"

"Ni kuiambia kwamba unatoka bila kuhifadhi. Ukishaiweka, bonyeza Enter."

"Mimi sishangai, mimi nimekasirika. Hakuna alama ya hasira?"

Wenzangu ofisini walikuwa wameacha kazi wananitazama. Nilikuwa nimeinama chini ya meza, nacheka bila sauti. Kisha nikasikia kwenye simu, "Ahaa! Kimenitema!" na simu ikakatwa. Jioni nilimwambia rafiki yangu wa Dar es Salaam, naye akacheka mpaka akakubali, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba Vim si ya kila mtu.

Kulikuwa pia na suala la daktari. Ndani ya menyu ya msaada ya Emacs kuna mchezo wa zamani, daktari wa maneno matupu. Unamwandikia shida yako kwa Kiingereza, naye anakurudishia swali. Mimi sikumwambia. Alimkuta mwenyewe kwa kipanya. Nilipofika Jumamosi nikakuta wako katikati ya mazungumzo. Shangazi alikuwa ameanza kwa *Mwidiwe*, salamu ya Kiha ya mchana, kwa sababu huwezi kumwanzia mtu shida zako bila salamu. Daktari akamwomba aendelee. Akaandika habari za goti, kwa Kiswahili. Daktari akamwomba afafanue. Akafafanua, ukurasa mzima.

"Ni mstaarabu sana," akaniambia. "Hakati mtu kauli. Ila nimemuuliza dawa mara tatu, naye ananiuliza mimi."

"Shangazi, huyo si mtu. Ni programu. Hata Kiswahili hajui."

Akatazama kioo kwa muda. "Kwa hiyo hilo goti lote nimelieleza bure." Halafu akaanza kucheka, mabega yanapanda na kushuka, akavua miwani akaifuta. "Lakini unajua, kidogo limepoa."

Baadaye binamu alipokuja likizo aliisasisha Windows, na nikagundua kwamba matoleo mapya yana kila kitu ndani yake. Unaandika *emacs*, dirisha linakuja lenyewe, hakuna programu ya pili, hakuna anwani. Nilimweleza shangazi kwa uchungu kidogo, maana nilihisi kama mtu aliyechimba kisima Jumamosi tatu halafu bomba likafika.

"Kwa hiyo sasa hakuna tena cha kukataa?" akauliza.

"Hakuna."

"Afadhali," akasema, na kuendelea kuchapa.

Aliyabakisha maneno asiyokuwa na uhakika nayo mpaka mwisho, na kwa ajili ya hayo tulikwenda Kidahwe, kwa mwalimu mwenzake wa zamani ambaye Kiha chake, shangazi anasema, hakijawahi kuoshwa na maji ya mjini. Tulimkuta uani anamenya ndizi. Mwanga ulikuwa mkali, kioo hakionekani, kwa hiyo tulikaa kwenye mkeka na kujifunika khanga moja vichwani, watatu, laptopu katikati, kama watoto wanaocheza nyumba.

Shangazi alijifanya fundi. "Taja neno lolote," akamwambia mwenzake.

Yule bibi akataja neno la ng'ombe. Shangazi akamshikilia huyu, akagonga s, akaandika *inka*, na kila mahali palipo na neno lile katika faili zima pakang'aa rangi. Bibi akashusha kisu cha ndizi.

"Umeyaweka yote humu? Na yale niliyokupa mwaka ule wa njaa?"

"Yote. Na jina lako nimeandika pembeni, kwamba haya yametoka kwako."

Bibi alisogeza kichwa karibu na kioo, akatafuta jina lake, akaligusa kwa kidole chenye utomvu wa ndizi. Nilitaka kutoa kitambaa nifute, nikaacha.

Kisha wakaanza kazi, na kazi ikawa ugomvi. Kulikuwa na neno la umande unaobaki kwenye majani ya migomba asubuhi. Sitaliandika hapa kwa sababu mpaka leo hawajakubaliana sauti ipande wapi. Bibi alilitamka, shangazi akaliandika na alama mwanzoni. Bibi akasema hapana, mwishoni. Shangazi akalitamka, bibi akaziba masikio. Wakaliimba. Mkaza mwana wa bibi akaja kusimama nje ya khanga yetu, akatoa na yeye sauti ya tatu, akafukuzwa na wote wawili.

"Andika zote mbili," nikasema, nikiwa nimelowa jasho. "Dirisha ni pana."

Wakanitazama kama mtu aliyepitisha mahari bila kuulizwa. Halafu shangazi akaandika zote mbili, moja na jina lake, moja na jina la bibi, la bibi likiwa juu kwa sababu ndiye mwenye nyumba. Akamshikilia huyu, akagonga x, akamshikilia huyu, akagonga s. Chini ya dirisha pakatokea mstari kwamba faili limehifadhiwa.

"Haya," akasema, akijifuta jasho kwa pindo la khanga, "na ule ukingo wa chungu, ninyi wa huku mnauitaje?"